Kutafuta Kazi Zanzibar Penye Waombaji Wengi: Mwongozo Kamili kwa Vijana wa Unguja na Pemba

Tangazo la kazi likitoka asubuhi, ifikapo adhuhuri limeshazunguka katika simu za vijana kutoka Konde mpaka Makunduchi. Wanaolisoma ni wengi, wanaoomba ni wengi, na nafasi zenyewe pengine ni tatu au nne. Hali hiyo huwafanya vijana wetu waamini kwamba kazi hupatikana kwa bahati, au kwa kuwa na mtu wa kukushika mkono. Mimi mwenyewe nilitafuta kazi kwa miezi kumi na minne baada ya kumaliza chuo, nikiwa nyumbani Wete, na niliishi na imani hiyo hiyo. Miaka ya baadaye nilipoitwa kuingia katika kamati za kuchambua maombi na kusaili, niliona jambo ambalo laiti ningelijua mapema: maombi mengi huwekwa kando kabla hayajafikia kulinganishwa na ya wengine. Barua haikutaja nafasi inayoombwa, cheti kimoja kinakosekana, jina halilingani, muda wa mwisho umepita. Aliyeachwa hapo hakushindwa na mwenzake, kwa sababu hata mashindanoni hakuingia.

Kwa hiyo mwongozo huu hauanzi kwenye chumba cha usaili. Unaanza nyumbani, kwenye kabati la nguo, ndani ya ule mkoba wa nailoni ambamo familia huhifadhi vyeti.

Hatua ya kwanza: nyaraka zikamilike kabla tangazo halijatoka

Toa vyeti vyote, vitandaze juu ya mkeka kwa mpangilio wa miaka, kuanzia cheti cha kuzaliwa mpaka cha mwisho ulichokipata, kisha usisome kitu chengine chochote ila majina. Kwa mila yetu mtu huandikwa kwa jina lake, la baba yake na la babu yake, lakini waandishi wa vyeti huandika kwa walivyosikia. Cheti cha kuzaliwa kinasema Khamis, cha kidato cha nne kinasema Hamisi. Kimoja kina Mohammed, chengine Muhamed. Cha chuo kimemwacha babu na kuweka jina la ukoo. Mtaani kwenu huyo ni mtu mmoja. Kwa mchambuzi wa maombi aliye na rundo la mafaili mbele yake, hao ni watu watatu, na hana wajibu wa kuwaunganisha. Niliwahi kuvuka bahari kwenda kwenye usaili wa taasisi moja nikarudishwa mlangoni kwa sababu jina la babu yangu, Ussi, liliandikwa kwa s moja katika cheti changu cha kidato cha sita. Nilirudi Pemba na boti ya siku iliyofuata bila ya kuulizwa swali hata moja.

Tofauti ya namna hiyo hutatuliwa kisheria, na hutatuliwa kwa utulivu ikiwa hakuna tangazo linalokukimbiza. Nenda kwa wakili ukiwa na vyeti vyote, umueleze tofauti ilivyo, naye atakwambia kama inatosha hati ya kiapo inayothibitisha kuwa majina hayo yote ni ya mtu mmoja, au kama inahitajika hati ya kubadilisha jina iliyosajiliwa. Usichukue njia ya mkato ya kufuta au kuongeza herufi juu ya cheti. Hilo ni kosa la jinai, na cheti kilichochezewa huondoa pia uaminifu wa vile vilivyo safi.

Baada ya majina, tazama kama cheti ni cheti kweli. Matangazo ya ajira za Serikali kwa kawaida hayakubali hati ya matokeo ya muda wala karatasi ya matokeo iliyotolewa kabla ya cheti chenyewe. Ikiwa chuo hakijakupa cheti kwa sababu ya deni la ada au kitabu cha maktaba ambacho hukurejesha, deni hilo ndiyo kazi yako ya kwanza. Waliosoma nje ya nchi, na tunao wengi waliosoma Sudan, Uganda, Uturuki, Malaysia na India, wanatakiwa vyeti vyao vitambuliwe hapa nyumbani: vya shahada na TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, vya stashahada na vya ufundi na NACTVET, yaani baraza la taifa la elimu ya ufundi, na vya sekondari na Baraza la Mitihani la Tanzania, ambalo ndilo linalosimamia mitihani ya kidato cha nne na cha sita hata kwa skuli za Zanzibar. Utambuzi huo huchukua muda, na tangazo la wiki mbili halitokusubiri. Fani zenye mabaraza ya kitaaluma, kama vile uuguzi, famasi, uhandisi na uwakili, zinahitaji pia hati ya usajili au leseni iliyo hai.

Kisha vitambulisho. Kwa nafasi za Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar utaombwa kivuli cha kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi, kinachotolewa na Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii Zanzibar, na kwa nafasi za taasisi za Muungano utahitaji nambari ya NIDA, yaani Mamlaka ya Vitambulisho vya Taifa. Kuwa nacho kimoja si sababu ya kukidharau chengine, kwani ni mifumo miwili tofauti, na kijana anayetafuta kazi kwa dhati anahitaji kuingia katika yote miwili.

Ukimaliza hayo, vipeleke vyeti vikaskaniwe kwenye duka lenye mashine nzuri, si kupigwa picha na simu juu ya kitanda huku kivuli cha mkono kikionekana. Kila cheti kiwe faili lake la pdf, kisomeke, kiwe kimesimama sawa, na jina la faili lieleze kilichomo. Weka nakala moja katika simu, moja katika barua pepe yako mwenyewe na moja kwenye flashi, kwa sababu simu huanguka baharini na kuibiwa Darajani. Anuani ya barua pepe iwe ya majina yako halisi. Nimeona maombi mazuri yakitumwa kutoka anuani zenye majina ya wachezaji wa mpira wa Ulaya, na ingawa hakuna sheria inayokataza, msomaji huanza kukufikiria vyengine kabla hajafungua faili.

Hatua ya pili: fahamu milango, kwa sababu kila mmoja una ufunguo wake

Mlango wa Serikali ya Mapinduzi unasimamiwa kwa sehemu kubwa na Tume ya Utumishi Serikalini, chini ya Sheria ya Utumishi wa Umma Nam. 2 ya 2011. Matangazo yake hupatikana katika mfumo wa mtandaoni wa Zan Ajira, katika gazeti la Zanzibar Leo na kupitia shirika la utangazaji la ZBC. Fungua akaunti katika mfumo huo leo, ujaze kila kipengele na upandishe vyeti, ili tangazo likitoka kazi yako iwe ni kuchagua nafasi tu. Mashirika na mamlaka za Serikali, kama Mfuko wa Hifadhi ya Jamii Zanzibar (ZSSF), Mamlaka ya Mapato Zanzibar na Benki ya Watu wa Zanzibar, mara nyengine hutoa matangazo yao wenyewe, kwa hiyo jenga mazoea ya kupitia tovuti zao mara moja kwa wiki, siku maalumu, badala ya kusubiri picha ya tangazo iliyopita makundi kumi ya WhatsApp na kukatwa tarehe yake. Idara Maalum za Serikali ya Mapinduzi (SMZ), yaani Jeshi la Kujenga Uchumi (JKU), Kikosi Maalum cha Kuzuia Magendo (KMKM), Chuo cha Mafunzo, Kikosi cha Valantia na Zimamoto, zina utaratibu wao wa kuandikisha, na kwa vijana wengi safari huanzia katika kujitolea JKU.

Mlango wa Muungano ni wa Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma na mfumo wake wa Ajira Portal. Huko unashindana na vijana wa nchi nzima, na hilo lisikuvunje moyo, lakini likufahamishe kwamba usahihi wa kujaza fomu unahitajika mara mbili. Nafasi uliyoichagua kimakosa, au cheti kilichowekwa mahali pa chengine, kitasomwa kama kilivyo.

Mlango wa hoteli na utalii ndio unaopokea vijana wengi zaidi wasio na shahada, na ndio ambao wazee wetu wengi bado wanauogopa. Naielewa hofu hiyo na siidharau, lakini si kila kazi ya utalii iko kwenye baa. Hoteli inahitaji mhasibu, fundi wa mabomba, fundi wa viyoyozi, mtunza ghala, mtu wa dobi, mpishi, dereva, mtunza bustani, muuguzi, mlinzi na mtu wa mapokezi. Zanzibar ilipokea watalii zaidi ya 700,000 katika mwaka 2024, na kila mmoja wao alilala mahali palipofagiliwa na mtu na kula chakula kilichopikwa na mtu. Swali ambalo linaniuma ni kwa nini kijana wa Pwani Mchangani aione hoteli iliyo hatua chache kutoka kwao kuwa ni nchi ya watu wengine.

Ufunguo wa mlango huu ni msimu. Mvua za masika zinapoingia, hoteli nyingi hupunguza wafanyakazi, na baadhi hufunga kwa matengenezo mwezi wa Aprili na Mei; wageni huanza kurudi Juni na kujaa mpaka Oktoba, kisha tena kuanzia Disemba mpaka Februari. Anayepeleka maombi Agosti hukuta nafasi zimekwisha kujazwa. Peleka mwanzoni mwa Mei, na peleka tena mwanzoni mwa Novemba. Nenda mwenyewe, asubuhi ya siku ya kazi, na bahasha yako na nguo safi, umuulizie ofisa wa rasilimali watu katika lango la wafanyakazi na si lango la wageni. Mlinzi wa lango ndiye mtu wa kwanza anayekusaili: msalimie vizuri, mwambie jina lako na nafasi unayoitafuta, na akikwambia bosi hayupo, muulize kwa adabu siku gani hupokea watu. Panga eneo zima kwa siku moja ili usimalize nauli. Ukishuka Kiwengwa, tembea mpaka Pwani Mchangani, na ukishuka Paje, endelea mpaka Jambiani.

Lugha nayo ina thamani kubwa kuliko vijana wanavyodhani. Kiingereza kinatarajiwa kwa kila anayekutana na wageni, hivyo hakikutofautishi na mwenzako, bali lugha ya pili ndiyo inayokutofautisha. Ukanda wa Kiwengwa unajulikana kwa wageni wa Kitaliano kwa miaka mingi, na kijana anayeweza kumuuliza mgeni kwa Kitaliano kama amelala vizuri ana kitu ambacho cheti peke yake hakimpi. Kifaransa na Kijerumani kidogo pia husaidia. Asiyekuwa na fani kabisa ayatazame mafunzo ya amali. Mamlaka ya Mafunzo ya Amali ina vituo Unguja na Pemba, kikiwemo cha Vitongoji na cha Daya Mtambwe, na fundi umeme mzuri hachukui muda mrefu kutafuta kazi.

Mlango wa mwisho ni wa mashirika yasiyo ya kiserikali, mabenki na kampuni. Hapa maombi mengi huandikwa kwa Kiingereza na hutumwa kwa barua pepe, na mara nyingi huanzia katika kujitolea au mafunzo ya vitendo. Sitakaa sana hapa, kwa kuwa yanayofuata kuhusu barua na usaili yanatosha pia kwa mlango huu.

Hatua ya tatu: soma tangazo na kalamu mkononi

Piga mstari chini ya kila sharti, kisha kando yake andika ushahidi ulionao. Tangazo likitaka mwenye stashahada ya uhasibu anayejua kutumia kompyuta na aliyefanya kazi na kumbukumbu za mapato, una masharti matatu, na barua yako lazima iyajibu yote matatu. Sharti ambalo huna kabisa na ambalo limeandikwa kuwa ni la lazima ni sababu ya kuiacha nafasi hiyo na kuutumia muda wako kwengine. Nasema hivi kwa kuwa nimewaona vijana wakituma maombi thelathini kwa mwezi, yote yakiwa na barua moja iliyobadilishwa tarehe, kisha wakakata tamaa kwamba hawaitwi. Maombi matano yaliyofanyiwa kazi yana faida kuliko hayo thelathini. Tazama pia barua inaelekezwa kwa nani, inaandikwa kwa lugha gani, inapelekwa wapi kwa wakaazi wa Unguja na wapi kwa wakaazi wa Pemba, na kama lazima utaje nafasi unayoiomba, jambo ambalo matangazo ya Tume hulisisitiza na ambalo waombaji bado hulisahau. Usisubiri siku ya mwisho. Siku hiyo mfumo huwa mzito, umeme hukatika, na foleni ya kupeleka bahasha hufika nje.

Hatua ya nne: barua ya maombi na maelezo binafsi

Barua nyingi nilizozisoma zilikuwa na aya moja ile ile: muombaji ni mchapakazi, ni mwaminifu, anaweza kufanya kazi katika mazingira magumu na bila ya kusimamiwa. Huenda ni kweli, lakini wote wameandika hivyo, na kwa hiyo msomaji hajifunzi chochote juu yako. Andika jambo ulilolifanya, mahali ulipolifanya na kilichotokea. Mfano wa nafasi ya mtunza ghala:

“Tangazo lenu limetaja utunzaji wa kumbukumbu za vifaa. Katika mafunzo yangu ya vitendo ya wiki nane hospitalini nilikabidhiwa daftari la dawa zinazoingia na zinazotoka. Kila Alkhamisi nilihesabu zilizomo rafuni nikalinganisha na daftari, na tofauti niliyoikuta nilimwandikia mkuu wa ghala siku hiyo hiyo.”

Aya hiyo haikutamka neno uaminifu wala uchapakazi, lakini msomaji anaviona vyote viwili. Barua isizidi ukurasa mmoja: anuani yako na nambari ya simu inayopatikana, tarehe, anuani ya unayemwandikia, kichwa cha barua kinachotaja nafasi kwa jina lake kamili kama lilivyo katika tangazo, aya fupi ya kujitambulisha, aya mbili za ushahidi, na aya ya kufungia inayotaja viambatanisho. Weka saini.

Vijana hunambia, “Mimi sina uzoefu wowote, nitaandika nini?” Ninapowauliza maswali, hugundua wanao. Msichana mmoja aliyekuja kwangu Chake Chake alikuwa amesimamia msimu mzima wa karafuu kwa babu yake: ndiye aliyeandika kila mchumaji amechuma pishi ngapi, ndiye aliyewalipa jioni, na hesabu yake ilikuwa ikikubalika na wachumaji ishirini bila ya ugomvi. Hiyo ni kazi ya uhasibu na ya kusimamia watu. Kuwa katibu wa kikundi cha mwani, kusomesha tuisheni watoto wa kidato cha pili, kuuza katika duka la ami yako na kuagiza bidhaa, kuongoza kamati ya maji ya shehia, yote hayo ni uzoefu ikiwa utayaeleza kwa muda, kiasi na matokeo. Yaandike kama yalivyokuwa, bila ya kuyakuza, kwa kuwa utaulizwa.

Maelezo binafsi yawe kurasa mbili, yakianza na elimu au kazi ya karibuni zaidi. Yamalizie kwa wadhamini watatu, na hawa wasiwekwe kwa kubahatisha. Mpigie simu mwalimu wako au aliyekusimamia katika mafunzo, mkumbushe wewe ni nani, muombe ruhusa, kisha kila unapoomba nafasi mtumie ujumbe mfupi kuwa huenda akapigiwa. Mdhamini anayeuliza “Nani huyo?” amekuangusha bila ya kukusudia.

Hatua ya tano: kuwauliza watu bila ya kuomba kubebwa

Visiwa vyetu ni vidogo. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 1,889,773, na si ajabu kukuta kwamba anayefanya kazi katika taasisi unayoitaka alisoma na dada yako au anaswali msikiti mmoja na mjomba wako. Kuna namna mbili za kumwendea mtu huyo. Ya kwanza ni kumwambia akutafutie nafasi, na hiyo humtia katika mtihani, kwa sababu au atakudanganya au atakukwepa barazani. Ya pili ni kumuomba maarifa: “Kaka, mimi nimesomea takwimu na nataka kuomba kwenu siku nafasi zikitoka. Nina maswali matatu juu ya kazi yenyewe, utanipa robo saa baada ya laasiri?” Namna hii sijaona mtu akiikataa. Muulize kazi za kila siku ni zipi, ni programu gani ya kompyuta wanayoitumia, na waajiriwa wapya hushindwa na nini. Majibu yake yatakufanya uandike barua na ujibu usaili kama mtu anayeijua nyumba. Ukimaliza mshukuru, na usimrudie kila wiki.

Hatua ya sita: usaili

Kwa aliyeko Pemba, usaili wa Unguja huanza kwenye boti. Safiri siku mbili kabla ikiwa unaweza, na siku moja kabla kwa uchache, kwani bahari ikichafuka safari huahirishwa na kamati haitokusubiri. Gharama za usafiri, malazi na chakula kwa kawaida ni za msailiwa mwenyewe, kwa hiyo anza kuweka akiba ya safari siku ile unapotuma maombi, na jamaa yako wa Mwanakwerekwe umpigie simu mapema na si ukiwa bandarini Malindi. Vyeti halisi vikae katika mkoba wa mkononi, ndani ya mfuko usioingia maji. Jioni ya kabla ya usaili nenda ukalione jengo lenyewe, ujue ni dala gani inayofika hapo na inachukua muda gani.

Usaili wa maandishi hupima fani yako pamoja na mambo ya jumla ya utumishi. Rejea madaftari ya chuo, ujue taasisi imeundwa kwa sheria gani, iko chini ya wizara gani, na kazi zake kuu ni zipi. Kwa nafasi za Serikali soma pia Sheria ya Utumishi wa Umma, hasa sehemu za maadili na nidhamu. Jizoeze kuandika kwa mkono ndani ya muda, kwani waliozoea kuandika kwa simu hushangazwa na vidole vyao.

Katika usaili wa mdomo, bisha hodi, toa salamu, ngoja uoneshwe kiti. Vaa nguo za heshima zilizopigwa pasi: mwanamme shati la mikono mirefu na suruali ya kitambaa, mwanamke vazi la stara analoweza kukaa nalo kwa utulivu bila ya kulirekebisha kila mara. Swali la kwanza karibu kila mara ni kujieleza, na hapo wengi huanza kusimulia skuli ya msingi. Tumia dakika mbili tu: jina, ulichosomea, kazi au mafunzo mawili yanayohusiana na nafasi hii, na kwa nini umeiomba hii na si nyengine. Swali likianza na “Tupe mfano wa siku uliyo…”, eleza hali ilivyokuwa, ukasema wewe ulifanya nini, kisha kikatokea nini. Sema “nilifanya” pale ulipofanya wewe, kwani malezi yetu ya kutojisifu hutufanya tuseme “tulifanya” kwa kila jambo, na kamati ikabaki haijui mchango wako. Swali usilolijua, sema hulijui na ueleze ungelitafutia wapi jibu. Ninakumbuka kijana aliyesema hivyo na tukampa alama nzuri, na mwengine aliyebuni kifungu cha sheria ambacho hakipo.

Pesa huulizwa pia, hasa katika sekta binafsi. Kabla hujaingia uwe umewauliza wenzako wa kazi kama hiyo wanalipwa kiasi gani, ili utaje kiwango chenye msingi. Uliza kama hoteli inatoa usafiri, chakula na malazi ya wafanyakazi, maana mshahara wa Nungwi kwa mtu wa Jang'ombe anayejilipia nauli si mshahara ule ule.

Hoteli nyingi zitakutaka ufanye siku za majaribio. Fika mapema, uliza mara moja na uandike, usiguse simu. Lakini muulize ofisa, kabla ya kuanza, majaribio ni ya siku ngapi na kama yanalipwa, kwa sababu wapo wanaowazungusha vijana wiki hadi wiki kwa jina la majaribio, na huo ni unyonyaji.

Hatua ya saba: siku za kungoja

Weka daftari. Mistari yake iwe: nafasi, taasisi, tarehe ya kutuma, nakala ya barua niliyotuma, jibu, na nilichojifunza. Ukiona maombi kumi hayajakuita hata mara moja, tatizo liko katika nyaraka au barua. Ukiona unaitwa lakini hupati, tatizo liko katika usaili, na dawa yake ni kumkalisha mwalimu au rafiki akusaili kwa sauti mara tatu au nne. Mwaka wangu wa kwanza sikuwa na daftari, na kwa miezi mingi nilirekebisha barua ambayo haikuwa na tatizo. Asubuhi ziwe za kutafuta kazi, mchana uwe wa kipato chochote cha halali na kujifunza, na usikae maskani tangu asubuhi, kwa kuwa mazungumzo ya huko yatakushawishi kwamba haiwezekani.

Katika kungoja huko ndipo matapeli wanapokuja. Hakuna ada ya kuomba kazi Serikalini, hakuna ada ya fomu, na hakuna mtu wa ndani anayehitaji “kidogo cha kuwapa wakubwa”. Anayekuomba fedha kwa ajili ya ajira ya umma anaomba rushwa au anakuibia, na mahali pa kumpeleka ni Mamlaka ya Kuzuia Rushwa na Kuhujumu Uchumi Zanzibar. Kwa kazi za Oman na nchi nyengine za Ghuba, usikabidhi pasipoti wala fedha kwa wakala kabla hujathibitisha katika Kamisheni ya Kazi kwamba ana leseni na kwamba mkataba wako umepitiwa. Dada zetu wengi waliopata mateso huko walitoka hapa na ahadi za mdomo tu.

Hatua ya nane: kabla ya kutia saini

Ukipewa kazi, omba mkataba wa maandishi na uuchukue nyumbani usiku mmoja. Kwa sekta binafsi inayoongoza ni Sheria ya Ajira Nam. 11 ya 2005, nao mkataba wako ueleze cheo, mshahara, saa za kazi, likizo, muda wa majaribio na namna ya kuachana. Kifungu usichokifahamu mpelekee mtu akusomee, hasa ikiwa mkataba ni wa Kiingereza. Muulize mwajiri nambari yako ya uanachama wa ZSSF, weka kila hati ya mshahara katika ule mkoba wa vyeti, na ukimaliza miezi mitatu nenda katika ofisi ya Mfuko ukaulize kama michango yako imeingia.